Onja Wewe Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa maji na kuaminiwa kurudi nayo bila kuyamwaga njiani, nilijua tayari kwamba mtu anaweza kuuawa na ukucha. Bibi yangu, ambaye nyumbani tulimwita Koko, ndiye aliyenifundisha. Alisema kuna sumu iitwayo karuho, nayo hukaa chini ya ukucha wa kidole gumba, kidogo sana, vumbi tu, na mwenye nayo akikupa kikombe huchovya kidole ndani kana kwamba kimeteleza. Hufi siku ile. Unaanza kukonda, unakohoa, tumbo linavimba, na daktari akikupiga picha haoni kitu. Kwa hiyo, alisema Koko, kabla ya kupokea chochote mkononi mwa mtu, angalia kucha zake, kisha ngoja aonje yeye.

Msidhani hayo yalikuwa ya Koko peke yake. Bukavu nzima iliishi hivyo. Anayemimina kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, hunywa yeye kwanza mbele ya wageni, hata wageni wakiwa ndugu zake wa tumbo moja. Maprofesa hufanya hivyo, mapadri hufanya hivyo. Chupa ya bia hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, na ukiileta imekwisha kufunguliwa umejitafutia maneno. Koko aliliita jambo hilo kutosha mashaka, maana katika Kiswahili chetu cha kule kutosha ni kuondoa. Nilikua nikidhani ni adabu tu, sawa na kusema asante. Hadi leo nikimwona mtu akionja ili nimwamini, sijui kama ananiheshimu au mimi ndiye ninayemtukana.

Jina langu ni Furaha. Wanaonijua hulicheka jina hilo, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wananiambia nisamehe, nimwachie Mungu, ya kale yamepita. Sijawahi kuona ya kale yakipita mahali popote, na kama yangepita ningeyasimamisha niyaulize kitu.

Mama yangu alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya mtaani kwetu, upande wa Kadutu. Koko alikuwa mama yake mzazi. Baba alikuwa amekwama Kisangani tangu vita vya pili vya Kongo vianze na njia kufungwa, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu na imani mbili. Mama aliamini sabuni na maji ya moto. Koko aliamini karuho. Juu ya kucha walipatana kabisa, kila mmoja kwa sababu yake: mama alizikata fupi mpaka kwenye nyama kwa ajili ya kazi, na Koko alifurahi kwamba binti yake anawaonyesha majirani mikono isiyo na neno.

Hapakuwa na nyumba katika avenyu yetu, yaani barabara yetu ya mtaani, ambamo mama hakuwa amemchoma mtu sindano. Shefu wa avenyu mwenyewe, mtu mzito aliyependa kuvaa koti hata jua likiwaka, mama ndiye aliyemkamua jipu lililomkalia mahali pa kukalia. Walikuja kumwita wakati wa chakula, wakati wa misa, wakati wa kusuka nywele. Alilalamika kwa sauti kubwa huku akivaa viatu. Mama alikuwa na sauti ya kutisha, ya kutoka tumboni. Akisimama mbele ya mlango wetu kilimani na kuniita, nilimsikia nikiwa bondeni, na watoto wengine wakanicheka kwamba redio yetu imefunguliwa.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Maman Chantal. Aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, na binti yake Chantal alikuwa rafiki yangu. Maman Chantal na mama walikuwa watu wa kuombana chumvi bila kuhesabu. Mtoto wake wa mwisho aliitwa Bahati, na mama ndiye aliyempokea akizaliwa, siku ambayo mjini kulikuwa na risasi na hakuna aliyethubutu kufika kwenye kituo. Alimzalisha Maman Chantal kwenye mkeka wake, akiwa amepiga magoti, huku akimfokea asisukume kabla ya wakati. Bahati alitoka mzima, mweusi tititi, akipiga kelele kumshinda mama.

Kisha maji yakakatika. Wakubwa wapya waliouteka mji walikuwa na mafuta ya magari yao, lakini mafuta ya kusukuma maji hayakuonekana, na robine zetu, mabomba ya mtaani, zikakauka moja baada ya nyingine. Tukaanza kushuka ziwani na bidon zetu, yale madumu ya manjano. Ziwa lile lile tulimochota maji, wengine walifua humo, wengine walioga, na vyoo vya mlimani vilishuka humo mvua iliponyesha. Nadhani kila mtu alilijua hilo. Lakini mtu mwenye kiu na kilima kirefu cha kupanda hana nafasi ya kuchagua.

Haikuchukua muda watu wakaanza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, na kutapika, na kunyauka. Mama alisema ni kolera. Mtaa ulisema ni karuho. Nikamkumbusha Koko kwamba yeye mwenyewe alinifundisha kuwa karuho huenda polepole, na hawa wanakufa kwa siku moja. Hakuona shida yoyote.

"Ile ilikuwa karuho ya amani," aliniambia. "Karuho ya vita haina kungojea."

Na kweli, vita vilikuwa vimewapa watu sababu. Kila aliyekuja na bunduki alisema amekuja kutuokoa. Watu walikuwa wameona majirani wakichukuliwa na magari na hawakurudi. Ilipovuma kwamba wakubwa wapya wanataka kutumaliza kimya kimya, wasipoteze risasi, neno hilo lilimea haraka. Ikabaki kumtafuta mtu aliye mkono wao mtaani. Katika avenyu ya chini kulikuwa na mjane aliyeuza uji asubuhi. Watu wawili waliokunywa uji wake walikufa. Walimpiga mawe mpaka akafa, mchana, karibu na kanisa, na mama alipofika mbio na mkoba wake hakukuwa na kitu cha kufunga bandeji.

Wiki hiyo hiyo Bahati aliugua. Alikuwa ndiyo kwanza anatembea kwa kujishika ukutani. Mama alisikia akiwa kazini, akaja moja kwa moja na chupa za serumu, yale maji ya kuingizwa mshipani kwa sindano, alizokuwa amezificha siku wanajeshi walipopora kituo. Maman Chantal alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Maman Furaha, apana serumu," alisema. "Mutu iko na karuho, ukimuingiza serumu, anakufa palepale. Wewe mwenyewe unajua."

"Sijui ile. Mimi najua mutoto amekauka. Niachie nipite."

"Tunamupeleka kwa munganga. Atamutapisha, itatoka."

"Amutapishe nini? Mutoto hana kitu mu tumbo! Hana hata machozi, umuangalie!"

Mama alibembeleza, kisha akafoka, kisha akabembeleza tena. Imani ile ya serumu ilikuwa ya mtaa mzima, Koko naye akiwamo: aliyekula karuho hachomwi sindano. Ukitaka kujua ilitoka wapi, ni rahisi. Watu walipelekwa hospitali wakiwa wamebakiza pumzi moja, wakafa na sindano mkononi, na sindano ikabeba lawama. Walimfunga Bahati mgongoni wakampeleka kwa mganga, akanyweshwa majani ya kutapisha. Alikufa kabla jua halijageukia upande wa pili wa mlima.

Mama alikwenda matangani kama jirani yeyote. Nilikuwa nimemshika kitenge. Wanawake walikuwa wamekaa chini, Maman Chantal katikati yao, amenyoa nywele, hana sauti tena ya kulia. Mama alisimama mlangoni, na badala ya pole akasema kwa ile sauti yake:

"Huyu mutoto hakukufa na karuho. Alikufa na kiu. Mumemukausha na mikono yenu."

Waliokuwa wakiimba nyuma ya nyumba waliacha wimbo katikati. Njiani kurudi Koko alimshukia mama kwa matusi ya Kishi, lugha yake ya kuzaliwa, ambayo sikuwahi kuyasikia, akamwambia maneno ya kweli yana mahali pake na matanga si mahali pake. Mama alisema kesho watampeleka mwingine akatapishwe, na kesho kutwa mwingine. Mimi hadi leo nasema alikuwa na haki. Lakini nilimwona Maman Chantal alivyoinua uso kumtazama, na nikajua hatutaombana chumvi tena.

Siku chache baadaye gari la ofisi ya afya lilisimama mbele ya kituo. Alishuka daktari mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akashusha ndoo yenye kifuniko, kopo la poda ya klore na bomba kubwa la sindano lisilo na ncha. Poda ilikorogwa katika ndoo, ikawa maji makali yenye harufu ya javel, ile dawa ya kung'arishia nguo, na kwa lile bomba mama angetia kidogo katika kila bidon inayotoka ziwani. Kazi hiyo alipewa yeye peke yake kwa ufuko wetu wote. Aliuliza ni nani atakayewaeleza watu. Daktari alimjibu kwa Kifaransa, "Sensibilisez la population," akapandisha kioo cha gari akaondoka. Yaani, awaelimishe wananchi. Katika mji ambamo padri huonja divai ya harusi mbele ya maharusi, walimtuma mwanamke mmoja akatie kitu kinachonuka katika maji ya watu, na wakadhani neno moja la Kifaransa litamkinga.

Siku ya kwanza watoto walimruhusu, kwa sababu watoto hupenda chochote kinachorushwa na bomba. Waliporudi nyumbani mama zao walinusa bidon wakamwaga maji yote. Siku ya pili nilishuka naye, maana shule ilikuwa imefungwa na hakutaka nibaki nikichezea barabarani. Asubuhi ilikuwa safi, milima ya ng'ambo ilionekana hadi kwenye mashamba. Tulipofika tulikuta watu wengi, na bidon zao zilikuwa tupu. Hawakuja kuchota.

Shefu wa avenyu alikuwa mbele, na koti lake.

"Maman Furaha," alisema, "batu banauliza. Unatia nini mu maji?"

"Klore, shefu. Inaua mikrobe ya kolera. Munangoja nusu saa, kisha munakunywa."

"Muzuri. Basi onja wewe kwanza."

Mama alicheka, kwa sababu hilo lilikuwa jambo dogo. Alichota maji ya ziwa katika bidon yetu, akatia dawa, akasema wangoje pamoja naye kisha atakunywa kikombe kizima mbele yao. Shefu akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoona mama ameacha kucheka, kwa sababu alikuwa mtoto wa Koko na aliijua desturi vizuri kuliko wao. Hakuna mtu anayetosha mashaka kwa kuonja kilichochanganywa pembeni na kungojewa. Unaonja kile kile kilicho mkononi mwako, sasa hivi.

"Apana ile," alisema shefu. "Ile ya mu ndoo. Ile unatutilia, njo unakunywa."

"Shefu, ya mu ndoo si ya kunywa. Iko kali, inachoma mutu."

"Kama inachoma mutu, juu ya nini unatutilia?"

"Juu natia kidogo tu! Kidogo mu maji mingi."

"Na karuho, banatiaka mingi?" aliuliza mwanamke mmoja nyuma.

Watu waliguna. Nimesoma shule nyingi tangu siku ile, na sijasikia swali lenye akili kama hilo likiulizwa kwa ujinga kama ule. Mama alianza kueleza habari za vijidudu. Alieleza vibaya. Alikuwa na hasira, na mama akiwa na hasira aliongea kama anayemkemea mtoto, na wale walikuwa watu wazima waliozika watoto. Mwanamke mmoja mzee alimshika mkono akaugeuza, akamtazama kucha.

"Amezikata," aliwaambia wenzake. "Muone. Amezikata juu ya kuficha."

Sitasahau kamwe. Kucha zile alizokata miaka yote ili asiwaambukize wanawake wanapojifungua zilikuwa ushahidi sasa. Zingekuwa ndefu, zingekuwa ushahidi pia.

Barabarani juu yetu wanajeshi watatu walikuwa wamesimama wakivuta sigara. Walitazama kama watu wanaotazama mpira. Mwanamume mmoja alikuwa ameshaokota jiwe, akilipima mkononi, na nilimfahamu. Mama alikuwa amemtibu malaria mwezi uliopita. Nilimkumbuka muuza uji. Nikaanza kulia bila sauti, na mama akanivuta nyuma ya kitenge chake.

Ndipo Maman Chantal akatokea kati ya watu. Kichwa chake kilikuwa hakijaota nywele.

"Alitaka kumuingiza Bahati yangu serumu," alisema. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikakatala. Akakuja kunitukana ku matanga yangu. Sasa ameleta dawa yake mu maji, tusiweze kukatala. Kama iko muzuri, Furaha akunywe. Mulozi hawezi kumupa mutoto wake."

Watu wakasema ndiyo, ndiyo, mtoto anywe. Mtu alinishika bega akanitoa nyuma ya mama. Shefu alifungua kifuniko, akachovya kikombe katika ndoo, akakileta mbele ya uso wangu. Macho yalianza kuniwasha kabla hakijafika mdomoni. Nakumbuka kidole gumba cha shefu kilikuwa ndani ya kikombe, na mimi, mjukuu wa Koko, niliwaza: angalia ukucha wake.

Mama alikinyakua kikombe. Alimwangalia Maman Chantal usoni, hakumwangalia mwingine yeyote, akanywa. Hakuonja. Alikunywa chote, mpaka mwisho, akakigeuza chini juu waone kilivyo kitupu.

Kisha kikohozi kikamshika. Dawa nyingine ilikuwa imeingia njia ya pumzi, nilijua baadaye. Alianguka magoti kwenye kokoto, akikohoa na kutoa povu, mikono shingoni, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu ninayemjua. Nilimkumbatia mgongoni nikipiga mayowe kwamba anakufa.

Na watu wale wakapiga makofi.

Nataka mlielewe hilo, kwa sababu nikilisimulia wengi hudhani nimekosea. Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, wanawake wawili wakacheza. Amekunywa! Maman Furaha amekunywa! Mashaka yalikuwa yametoka. Yule mwenye jiwe alilitupa ziwani, likaruka juu ya maji, akacheka. Shefu akainua mkono akasema wapange mustari, kila mtu na bidon yake, wasisukumane. Wanajeshi walizima sigara zao wakaenda.

Wa kwanza kuweka bidon mbele ya mama alikuwa Maman Chantal.

Mama akainuka. Ningekuwa mimi, ningeimwaga ndoo ile kwenye miguu yao. Yeye alijifuta mdomo kwa kitenge, akavuta dawa kwa bomba, akaitia katika bidon ya Maman Chantal, kisha ya aliyefuata, kisha ya aliyefuata. Mate yalikuwa yakimtiririka, hakuweza kuyameza. Alipotaka kuwaambia wangoje kabla ya kunywa, hakuna sauti iliyotoka, akaonyesha kwa mikono. Mimi ndiye niliyesema: nusu saa, mungoje nusu saa. Wakanishukuru. Wakaniita mutoto muzuri.

Nyumbani Koko alichemsha majani ya kumtapisha. Mama alitikisa kichwa, akasukuma sufuria, akaniashiria maziwa, na maziwa yenyewe hayakupatikana, nikamletea maji baridi ya kunywa kidogo kidogo. Alilala ameketi siku kadhaa. Majirani walikuja na zawadi, ndizi, mayai, sambaza, na Koko aliwapokea mlangoni amejifunga kitenge chake cha sikukuu.

"Mutoto wangu ametosha mashaka," aliwaambia, akijivuna.

Nilimchukia siku ile, bibi yangu niliyelala naye kitanda kimoja. Alikuwa haoni binti aliyeungua koo. Aliona desturi yake imeshinda.

Ugonjwa ulipungua, hilo lazima niliseme. Watu walitia klore, wakangoja, wakanywa. Katika nyumba ya Maman Chantal hakufa mwingine. Daktari wa shati lililopigwa pasi alirudi na gari lake, akampa mama mkono, akampongeza kwa jinsi wananchi walivyoelimika. Mama alimjibu kwa mnong'ono, na yeye akadhani ana mafua. Sauti haikurudi. Alipopata baadaye mtu wa kumtazama koo, alimwambia kidonda kilikwisha kupona vibaya na hakuna la kufanya. Aliendelea na kazi kwa mnong'ono mpaka alipostaafu. Alizalisha wanawake kwa mnong'ono. Alipotaka kuniita kutoka kilimani alipiga sufuria kwa mwiko.

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nafanya kazi ya ofisi hapa hapa Bukavu, na wenzangu ofisini wanapenda sana kuniambia nielewe muktadha. Ninauelewa. Watu walioambiwa kwa mtutu wa bunduki kwamba wanatendewa mema wana haki ya kumwambia kila mleta mema: onja wewe kwanza. Naelewa kwamba desturi ile iliokoa watu wengi kuliko nijuavyo. Naelewa pia kwamba ofisi iliyomtuma haikutafakari hata kidogo, na kwamba kila ugonjwa ukija, magari huleta ndoo na kuondoka, na anayebaki na ndoo ni muuguzi, na muuguzi ana jirani. Kuelewa kote huko hakujanipunguzia hasira hata kijiko. Mama yangu alikuwa amewaonjea miaka yote. Kila sindano, kila kitovu alichofunga, kila jipu. Hayo hayakuhesabiwa. Kilichohesabiwa ni kikombe.

Mtaani walifanya siku ile kuwa hadithi nzuri. Wahubiri waliitumia: mama aliyejitoa kwa upendo kwa ajili ya mtoto wake na watu wake. Nilipokuwa nimekwisha kuwa na watoto wangu, nilimuuliza mama kama hakuwakasirikia kamwe. Tulikuwa jikoni tukichambua sombe, majani ya muhogo. Alinisogelea, maana ilibidi umkaribie ili umsikie.

"Banasema nilikunywa na upendo," alinong'ona. "Nilikunywa na hasira, Furaha. Kama singekunywa ile dawa, ningemumwangia Maman Chantal mu uso."

Akaendelea kuchambua. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile.

Alikufa mwaka jana, kwa uzee na mapafu yake mabovu. Matanga yalijaa mpaka barabarani, viti tulikodi na bado havikutosha. Watu walisimama mmoja mmoja kumshuhudia, na wengi walisimulia kikombe. Nilivumilia. Mwishoni akasimama Maman Chantal, amezeeka, anatembelea fimbo, Chantal akimshika mkono.

"Alikuwa mutu muzuri," alisema. "Tulijua siku ile alikunywa."

Watu wakaitikia kwa vigelegele vya chini, vya msibani. Nilikuwa nimekaa mkekani na wafiwa wengine. Niliinuka, na Chantal akaniangalia kwa macho ya kuniomba ninyamaze. Sikunyamaza, ila sikufoka pia. Nilimkaribia Maman Chantal, nikasema kwa sauti ambayo yeye tu angesikia.

"Maman, alikuwa muzuri toka zamani, mbele ya kukunywa."

Nilitarajia akasirike, au aniambie mimi ni mtoto. Badala yake aliuliza, kama mtu ambaye kweli hajui na amechoka kutojua:

"Ningejua namna gani, Furaha?"

"Alimupokea Bahati na mikono yake, mu nyumba yako, risasi zikipita. Ungejulia pale."

Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu alitaje jina lile mbele yake. Midomo yake ilicheza, akalirudia, Bahati, mara moja tu, kisha akakaa kwenye kiti alichopewa na kuanza kulia kilio kile ambacho siku ya matanga ya mwanawe hakuwa na sauti ya kukilia. Sikumfuta machozi. Nilikaa chini karibu naye kwa kuwa kiti kingine hakikuwapo, nikamwacha alie.